Goti la Ikupa

Ndani ya basi dogo la Kosta, Zabron alikuwa amepakata kuku na doti ya kanga. Mke wake alimtuma mji wa Mpemba kwa Mama Ikupa, ndugu wa mbali ambaye yeye hamjui hata kwa sura, akampe hongera, maana binti yake kajifungua.

Kiti cha mbele, mama mmoja alikuwa akimlalamikia kijana mwenye filimbi shingoni, aliyekutana naye humo humo garini.

"Nyie makocha mna mambo. Mwenzako wa shuleni kwetu kasema binti akandwe goti kwa maji ya moto kabla ya mazoezi, eti kukimbia kila siku kusije kukamuumiza. Basi namkanda uani kila alfajiri."

"Yuko sahihi, mama. Misuli ikishapata moto, ndipo anyooshe viungo. Kwa baridi ya huku, asipofanya hivyo ataumia."

"Misuli sawa. Majirani je? Wanaona sufuria la maji ya moto, wanasikia binti anapiga kelele, wanajua namkanda mzazi. Jana nimeletewa uji wa pilipili manga. Mmoja kaniuliza mtoto anafanana na nani."

Kijana akajikaza asicheke. "Si umkande ndani?"

"Ndani ndiyo watasema namficha."

Zabron akamshusha kuku, akaanza kumsukuma chini ya kiti kwa kisigino. Kuku akakataa, kwa sauti.

Gari likasimama Mpemba. Konda akamgeukia. "Mzee, Mama Ikupa uliyekuwa unamuulizia ndiye huyu anayeshuka."