Mwanakwaya Aliyebeba Machela: Renzel Hubero Gumban, 2007–2025

Marehemu Renzel Hubero Gumban, ambaye nyumbani hakuna aliyemwita hivyo ila Zel, alizaliwa tarehe 9 Novemba 2007, saa nne asubuhi, hapa Pavia, mkoa wa Iloilo. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Bwana Wenifredo Gumban, baharia, na Bibi Estrelita Hubero Gumban, mshonaji. Dada yake Analyn, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya, alikuwa na miaka minane na aliahidiwa mdogo wa kike. Akaletewa huyu. Alinuna siku nzima, jioni akaomba ambebe, na kwa miaka mitano hakumtua, maana Tatay, baba yao, alikuwa melini miezi tisa katika kila kumi na miwili, na cherehani ya Nanay, mama yao, haikujua kupumzika.

Alianza shule ya msingi Juni 2013 na kuingia sekondari mwaka 2020, wakati masomo yalikuwa ya kwenye simu na simu ilikuwa moja. Hesabu zilimpiga chenga. Historia aliipenda kwa sababu, alisema, wahusika wote wameshakufa na hawawezi kumuuliza swali. Mwalimu wake wa darasa aliandika kwenye ripoti: “Renzel ni mwema kwa wenzake kuliko kwa vitabu.” Nanay aliisoma ripoti hiyo mara mbili, akaagiza kandambili iletwe. Mwaka huu alikuwa ndiyo kwanza ameanza darasa la kumi na mbili.

Walioshika kijitabu wataona kwamba aya inayofuata haimo. Ilikuwamo. Nanay aliikata kwa kalamu nyekundu Jumanne, na ana uchungu wake, hakuna wa kumlaumu. Lakini Analyn anaomba radhi, ataisoma hivyo hivyo.

Zel alikuwa na kazi. Tarehe 11 Februari 2023, akiwa na miaka kumi na mitano, alijiunga na kikosi cha kujitolea cha zimamoto na gari la wagonjwa kilicho nyuma ya soko. Mkuu wa kikosi ni Faustino Dolar, Nong Osting wa kibanda cha batsoy, ambaye wengi wenu mmekunywa supu yake. Walio chini ya miaka kumi na minane hawapelekwi penye moto. Wanaosha magari, wanakunja mipira ya maji, wanahesabu bandeji, na wakishafuzu mafunzo wanapanda gari la wagonjwa kubeba machela. Nanay alikuwa amekataa katakata. “Baba yako yuko majini, sasa wewe nikupeleke motoni? Mimi nibaki na nani, na cherehani?” Fomu ya ruhusa ya mzazi ikapatikana hata hivyo, na hilo litafikiwa.

Kwa Nanay aliaga kwamba anakwenda mazoezi ya kwaya, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Miezi mitatu baadaye Nanay akamshika kiganja na kukigeuza. “Kwaya gani hii inayotoa sugu?” Siku ya kuzaliwa kwake Nanay, mbele ya majirani wote, akamwambia aimbe. Zel akasema, “Nay, mimi ni wa besi. Besi haiimbi peke yake.” Majirani wakamshikilia, akaimba, na yule mbwa wa nyumba ya pili akaanza kulia. Nanay alicheka mpaka akakaa chini. Alisema mwalimu wa kwaya lazima ni mtu mwenye huruma sana.

Kwenye gari la wagonjwa alikuwa mtu mwingine, ndivyo wanavyosema waliofanya naye kazi. Alijifunza kuuliza. Nong Osting ana kanuni anayowaimbia vijana kila siku: “Muulize mgonjwa, usimuulize ndugu. Ndugu hujibu anachotaka kiwe kweli.” Yupo Lola Pasing, bikizee wa miaka themanini na mmoja, aliyeumwa kifua kila Alhamisi. Mwanawe aliapa kwamba mama hajagusa chumvi wiki nzima. Zel akainama na kumuuliza mwenyewe sikioni. “Samaki wa chumvi wawili, Toto,” akanong’ona Lola, “na ukimwambia huyu nitakufa makusudi.” Zel hakumwambia mwana. Alimwambia daktari.

Ndoa hakuifikia. Kuna msichana mmoja aliyemfunga bandeji mkono mzima katika mashindano ya huduma ya kwanza, na ikamchukua nusu saa kuifungua kwa sababu hakuna kati yao aliyekuwa na haraka. Nanay, usigeuke kumtafuta. Amekaa mahali pazuri na analia kama sisi.

Tarehe 18 Julai mwaka huu mto Tigum ulivunja kingo. Zel alikuwa majini tangu asubuhi hadi saa kumi jioni, maji kiunoni, akiwatoa watu majumbani. Lola Pasing alitolewa ndani ya beseni la kufulia, akifoka kwamba viatu vyake vya kanisani vimeachwa. Watu ishirini na watatu walivushwa siku ile kwa machela aliyoshika Zel upande mmoja. Alichubuka mguu. Nong Osting aligawa vidonge vya kukinga homa ya mgunda, ile inayotokana na mkojo wa panya kwenye maji ya mafuriko. Vya Zel vilikuja kupatikana mfukoni mwa ovaroli yake, vimeloa. Mtoto alikuwa amechoka, akasahau, basi. Alikwenda kulala chumbani kwa Analyn mjini, na Nanay akaambiwa barabara imefungwa.

Tarehe 27 homa ilimshika. Alimpigia dada yake simu akisema mashavu ya miguu yanamuuma kama amepigwa rungu.

“Mwambie Nanay ulikuwa majini,” Analyn akasema.

“Nikimwambia la maji ataniuliza la kikosi. Akifika kwenye kikosi ataiona fomu. Utakayechinjwa ni wewe, Manang, si mimi. Ni mafua tu.”

Na Analyn, Mungu amsamehe, akaona afadhali yawe mafua.

Tarehe 29 alipelekwa hospitali mjini. Daktari aliuliza swali analopaswa kuuliza: “Amepita kwenye maji ya mafuriko?” Nanay akajibu upesi, kwa moyo safi wa mama, “Hata kidogo, dokta. Siku ile alilala kwa dada yake.” Zel alijua swali lile. Yeye mwenyewe alikuwa amewauliza watu wengi. Alimtazama dada yake amweleze la kufanya, na dada yake akatazama sakafu. Daktari akaandika kwamba hakupita.

Kesho yake saa moja asubuhi Analyn alimkimbilia daktari kwenye varanda na kumwambia ukweli. Macho ya Zel yalikuwa yamegeuka njano na mkojo umekatika. Dawa ilibadilishwa saa ile ile, akafungwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu. Analyn alimuuliza daktari kama ile siku moja ingemwokoa. Alisema, “Sijui. Pengine.” Neno hilo, pengine, Analyn analala nalo na kuamka nalo. Zel alifariki tarehe 3 Agosti 2025, saa tisa alasiri, akiwa na miaka kumi na saba, miezi minane na siku ishirini na tano. Tatay alikuwa bado yuko angani, anarudi.

Sasa kuna jambo ambalo Nanay hakulikata kwa kalamu, kwa sababu halikuwahi kuandikwa. Nong Osting alipokuja hospitali na sare ya kikosi, Nanay alimuuliza nani amempa mtoto wake. Nong Osting akatoa fomu, na juu yake jina la Nanay, na sahihi yake, na ule mkia mrefu wa herufi G. Nanay akapiga kelele ambayo wodi nzima iliisikia: “Mmeghushi! Mmeghushi jina langu ili mpate mtoto wa bure!” Nong Osting aliitazama sahihi, kisha akamtazama Analyn, na pale akaelewa. Aliikunja karatasi na kuitia mfukoni, akaondoka na jina la mghushi mgongoni. Siku tano zote za matanga, yeye na wenzake wamesimama ng’ambo ya barabara, kwa sababu Nanay aliapa kwamba sare ile haitavuka geti lake. Leo pia wako nje ya ukuta huu, kwenye jua. Na Jumatatu Nanay anakwenda ofisi ya barangay, serikali ya mtaa, kumshtaki Nong Osting.

Sahihi zile ni za Analyn. Ziko tatu, moja kwa kila mwaka. Ya kwanza aliitia mezani jikoni, mchana, Nanay akiwa chumba cha pili anashona na wao wawili wakijizuia kucheka. Zel alimlipa kwa ndizi mbili za kukaanga. Analyn alifanya hivyo kwa sababu alikuwa hajawahi kumwona mdogo wake akitaka kitu kiasi kile, na hakujua kumnyima. Kikosi kiliamini karatasi kilizopewa. Nong Osting hakumwiba mtoto wa mtu. Aliyemtoa ni dada yake.

Marehemu ameacha baba yake, Wenifredo, aliyefika siku iliyofuata na begi ambalo bado hajalifungua. Ameacha mama yake, Estrelita. Ameacha dada mmoja. Ameacha Lola Pasing, anayesema ilikuwa zamu yake. Ameacha wenzake kumi na mmoja walioko nje, wanaojua kubeba mtu bila kumtikisa, na jeneza lake halijapata wabebaji.

Nanay, waite waingie. Na Jumatatu ukifika barangay, usiandike jina la Nong Osting. Andika la Analyn. Unajua linavyoandikwa, ni wewe uliyempa.

Mungu amtue Zel taratibu, apumzike kwa amani.