Vichwa Vinne Kwenye Skrini

SEREMALA: Haloo! Haloo! Hapo ni nani?

WAYA: Unapiga wewe halafu unaniuliza mimi nani? Sema wewe.

SEREMALA: Mimi shemeji yako! Seremala! Natumia simu ya mkunga, yangu imeisha chaji.

WAYA: Aa, shemeji! Habari za asubuhi? Dada hajambo?

SEREMALA: Amelala hapa kliniki, tumbo wazi, amepakwa mafuta. Shemeji Waya, nimekwisha. Wako wanne!

WAYA: Wanne nani?

SEREMALA: Watoto! Tumboni! Mkunga amewahesabu, mimi nimewahesabu, na yule mama anayepiga deki naye ameitwa akawahesabu. Vichwa vinne!

WAYA: Daktari anasemaje?

SEREMALA: Daktari yuko safarini. Mkunga kashaandika karatasi, ambulensi iko njiani. Eti wanne hawazaliwi hapa, dada yako akapasuliwe leo hii hospitali kubwa. Leo, shemeji! Ana miezi saba tu, na leo ndiyo mara ya kwanza kupimwa!

WAYA: Subiri kwanza —

SEREMALA: Nisubiri nini? Chumba changu unakijua. Nikifungua mlango, kitanda kinafungua dirisha. Nimetengeneza kitanda cha mtoto kimoja. Kimoja! Nimekipiga msasa miezi mitatu!

WAYA: Shemeji, nyamaza kidogo. Hao wanne umewaona wapi? Kwenye skrini ya ile mashine ya ultrasaundi?

SEREMALA: Skrini ya mashine si ilikufa? Kwenye kompyuta uliyowafungia wewe. Na waya wako mwekundu.

WAYA: [anakohoa] Ile kompyuta.

SEREMALA: Mbona umekohoa?

WAYA: Vumbi. Sasa niambie, wamekaaje?

SEREMALA: Juu wawili, chini wawili. Kama abiria wa treni kwenye vitanda. Halafu — nisikusimange, shemeji — vichwa vimebonyea. Bapa kabisa. Nikamwambia dada yako, hivi vichwa ni vya ukoo wenu.

WAYA: Ukoo wetu una vichwa vya mviringo.

SEREMALA: Basi nenda kajitazame —

WAYA: Wa juu wakisogea, wa chini wanafanya nini?

SEREMALA: Wana adabu hao! Wa juu kushoto akinyanyua mkono, wa chini kushoto naye ananyanyua. Pamoja kabisa! Kama gwaride. Mkunga amesema hajawahi kuona watoto wanaoelewana hivyo.

WAYA: Mungu wangu.

SEREMALA: Eeh?

WAYA: Hakuna kitu. Kwenye kona ya picha kuna saa. Inasema saa ngapi?

SEREMALA: Ipi? Ziko mbili. Moja juu kabisa, nyingine katikati. Zote saa tatu na dakika kumi.

WAYA: Na jina la dada?

SEREMALA: Limeandikwa mara mbili.

WAYA: Na wewe ulipoona jina mara mbili hukujiuliza?

SEREMALA: Nilidhani ni msisitizo.

WAYA: [anacheka] Shemeji, sikiliza. Vuta pumzi. Kosa ni langu.

SEREMALA: Lako vipi? Mimba ni yangu mimi na —

WAYA: La picha! Picha! Jana jioni niliingia kwenye ile kompyuta nikiwa hapa kwangu, nikabadilisha draiva.

SEREMALA: Draiva ndiyo nini? Sikupati, mtandao unakoroma.

WAYA: Kiprogramu kinachokaa ndani kabisa ya kompyuta, kwenye kerneli. Kazi yake kupokea picha kutoka kwenye mashine. Sasa, mashine yenu ni ya zamani, haitumi picha nzima kwa mkupuo. Inatuma mstari wa kwanza, wa tatu, wa tano, mpaka chini. Halafu inarudi juu kutuma wa pili, wa nne, wa sita. Kila nusu tunaiita fildi. Zikifumwa pamoja ndiyo unapata fremu nzima.

SEREMALA: Fremu naijua.

WAYA: Fremu ina mistari mia tano sabini na sita. Fildi ina nusu yake. Mahali pa kuandika urefu wa fildi, mimi nikaandika wa fremu. Kompyuta ikaweka nusu ya kwanza, ikaona chini pamebaki wazi, ikaibandika ya pili hapo hapo.

SEREMALA: Shemeji, mkunga ananiangalia vibaya, salio ni lake. Sema kwa Kiswahili.

WAYA: Kona za droo zako unaziungaje?

SEREMALA: Kwa meno! Meno ya ubao huu yanaingia kati ya meno ya ubao ule.

WAYA: Haya. Mimi meno sikuyaingiza. Ubao mmoja nimeuweka juu ya mwingine nikaondoka.

SEREMALA: Bila kuunga?

WAYA: Bila kuunga.

SEREMALA: Shemeji! Fundi gani anafanya kazi hivyo? Mteja si anaondoka na mbao mbili? Na wewe una cheti!

WAYA: Ndiyo, nimekosa —

SEREMALA: Mimi sijawahi kumpa mtu droo ya namna hiyo. Hata bure!

WAYA: Nimekosa, nimekosa! Kwa hiyo unaona kitu kimoja mara mbili, na kila kimoja kimebonyezwa kikawa nusu ya kimo. Umeelewa? Mwambie mkunga asimpeleke dada popote.

SEREMALA: Mkunga! Mkunga! Si wanne! Shemeji hakuingiza meno! ... Anasema yeye ataamini macho yake. Na ambulensi imeshavuka mzunguko wa sokoni.

WAYA: Nipe dakika mbili. Niko mbele ya kompyuta yangu, narekebisha kutoka hapa. Skrini itazima.

SEREMALA: Imezima! Wamepotea wote!

WAYA: Si nimekwambia itazima? Tulia. ... Haya, tazama sasa.

SEREMALA: Naona utepe.

WAYA: Utepe gani?

SEREMALA: Utepe tu, mwembamba, juu kabisa. Hakuna mtoto, hakuna tumbo. Shemeji, umewafanya nini?

WAYA: Ngoja, ngoja. Aa! Nimegawanya kwa mbili huku, na kule kwenye hesabu ya kupokea kulikuwa kumeshagawanywa. Imekuwa robo.

SEREMALA: Pima mara mbili, kata mara moja! Kila siku nawaambia vijana karakana! Mpaka unakata ubao mara mbili, unafikiria nini?

WAYA: Ukinifokea nachanganya tarakimu!

SEREMALA: Sikufokei, nalia! Nasikia king'ora huku!

WAYA: King'ora cha ambulensi?

SEREMALA: Haya, ni birika la mlinzi linapiga mluzi. Lakini inakuja! Fanya haraka!

WAYA: Fremu, mia tano sabini na sita. Fildi, mia mbili themanini na nane. Zifumwe. Nimehifadhi... napakia... Inazima tena, usipige kelele.

SEREMALA: Sipigi. [anapumua kwa nguvu] Sipigi. Dada yako ananiuliza kwa nini nimeshika mguu wa kitanda chake.

WAYA: Imewaka?

SEREMALA: Bado. Bado. Ina — imewaka! Shemeji! Saa iko moja tu! Jina liko mara moja! Mkunga, njoo uone! Vichwa vya mviringo!

WAYA: Nilikwambia ukoo wetu.

SEREMALA: Mkunga ameweka mkono kinywani! Anachana karatasi! Hakuna kupasuliwa! Shemeji Waya, Mungu akupe maisha marefu, akupe na mke! Nimepumua mimi! Nilikuwa najiambia, mwanamume, wanne, utawalaza kwenye masanduku ya misumari —

WAYA: Shemeji.

SEREMALA: — nilikuwa naona kila mtu anacheka mtaa mzima —

WAYA: Shemeji, umekaa?

SEREMALA: Nikae ya nini? Nataka kurukaruka!

WAYA: Wanne ukigawanya kwa mbili.

SEREMALA: Eeh?

WAYA: Piga hesabu polepole.

SEREMALA: Wanne... kwa mbili...

WAYA: Haloo? Upo?

SEREMALA: Nipo. Shemeji, hujamaliza kurekebisha.

WAYA: Nimemaliza.

SEREMALA: Hujamaliza! Bado wako — mmoja kushoto, na mmoja — Gawanya tena!

WAYA: Saa ziko ngapi kwenye picha?

SEREMALA: Moja.

WAYA: Basi hiyo ndiyo picha yenyewe.

SEREMALA: Gawanya mara moja tu! Mara ya mwisho!

WAYA: Haya, niko hapa na kidole kwenye kitufe. Nikigawanya, nakata picha nusu. Unataka nimkate yupi?

SEREMALA: We! We! Usiguse! Ondoa kidole! Ole wako umguse hata mmoja! Hao ni wanangu, wote wawili!

WAYA: [anacheka] Nimeondoa.

SEREMALA: Kabisa?

WAYA: Mikono iko kichwani.

SEREMALA: Iache huko huko. Shemeji, huyu wa kushoto ananyanyua mkono, na mwenzake hamwigi. Mwenzake amelala tu, ana kiburi. Dada yako analia na kucheka kwa pamoja. Na mimi nalia, basi nimesema.

WAYA: Lia, shemeji. Mpe dada simu basi niseme naye —

SEREMALA: Haiwezekani, mkunga anainyang'anya, anataka kuirudisha ambulensi — Mama, sekunde moja! — Haya, kwaheri, mjomba!

WAYA: Mjomba nani?

SEREMALA: Mjomba wao! Una wapwa wawili, kajifunze kuhes—

[Simu imekatika.]