Shangazi Naye Afanye Mtihani

Mgeni rasmi, Mkuu wa Mitihani. Mkuu wetu wa Chuo. Walimu, wazazi, na nyinyi nyote mliobanana kwenye mabenchi ya karakana:

KARIBU NDANI

Karibu sana, na pole kwa ngazi, maana ghorofa ya tatu si mchezo. Harufu unayoisikia ni ya lehemu, utaizoea. Tumefurahi mno kukuona, na furaha hii haina unafiki, ingawa tuna jambo letu na hatutalificha.

TULIKOTOKA

Mwaka jana tulianza somo la lugha ya asembli, yaani kuiamuru chipu hatua kwa hatua bila kuruka hata moja. Miezi miwili tulinakili ubaoni hadi vidole vikafa ganzi, na hakuna aliyeambulia kitu. Ndipo mwalimu wetu akafuta ubao, akaligawia kila kundi chipu moja, betri na taa ndogo kama punje ya hindi. "Haya, iwasheni, izimeni," akasema. "Anayetaka nadharia atanikuta pale kona." Hakuna aliyekwenda kona.

TULIYOYAPATA

Leo tunaliza kengele, tunazungusha feni, tunapima joto la chumba. Ila siku tunayoipenda kuliko zote ni ile tuliyoaibika.

Tuliandika programu ya kuwasha taa na kuizima. Ikawaka, ikakaa hivyo hivyo. Tukabadilisha taa tatu. Tukabadilisha betri. Tukamsema muuza vifaa maneno ambayo mbele yako hayasemeki. Wakati huo Shangazi, anayesafisha karakana hii mwaka wa tisa sasa, alikuwa anasubiri tumalize apanguse meza. Si shangazi wa yeyote kati yetu, ila hakuna anayemwita vingine. Akaichukua haraka bodi yetu, yenye chipu na taa, aihamishe, akasita. Akaipunga hewani, kushoto, kulia.

"Jamani, hii haijakwama. Tazameni, taa inaacha nukta nukta. Inawaka na kuzima, macho yenu ndiyo mazito!"

Kumbe kweli! Tuliiambia chipu ihesabu mpaka mia mbili hamsini na tano kabla ya kuzima taa, tukadhani tumeisubirisha, kumbe kwake hata kope haijapepesa. Na kisanduku chake cha kuhesabia hakipokei namba kubwa zaidi ya hiyo.

"Kwani lazima ihesabu mara moja tu?" Shangazi akauliza. "Mimi nikifuta viti, namaliza safu, nahesabu moja, naanza safu nyingine. Si ifanye hivyo hivyo?"

Hesabu ndani ya hesabu! Mwalimu alivua miwani. Tukaandika, taa ikapepesa taratibu, tukapiga kelele mpaka karani wa chini akapanda mbio kuuliza nani kaumia.

Tangu siku hiyo Shangazi ana kigoda chake hapa. Humaliza kazi zake kwanza, kisha hukaa nasi, na akikosea hujicheka kabla hatujamcheka. Majaribio kumi na manne ya mwalimu ameyamaliza yote. Wengi wetu tumefika la kumi na moja, na huo ndio ukweli, wazazi mtuwie radhi.

KINACHOTUKWAMISHA

Mgeni rasmi, koleo butu tutavumilia. Kompyuta mbili zinazozimika zenyewe tumezizoea, tunazisemesha vizuri zinawaka. Hili moja limetushinda. Mtihani ni Jumatatu, na Shangazi hayumo. Fomu inadai namba ya mwanafunzi, yeye ana namba ya mfanyakazi. Mkuu wa Chuo hana kinyongo, ila ruhusa, anasema, iko mkononi mwako.

Mwenyewe hutuambia, "Wanangu, mimi nimetosheka. Nilichokijua hakuna wa kuninyang'anya. Cheti nitakila?" Tukamwamini. Lakini Jumanne iliyopita, orodha ya awali ya watahiniwa ilipobandikwa, tulimkuta anaisoma peke yake, kidole kikishuka jina baada ya jina mpaka chini, halafu akaanza tena juu. Tuliumia, mgeni rasmi. Akabeba ndoo yake akaenda zake.

OMBI LETU

Hatuombi apunguziwe swali hata moja. Akitushinda, tutamshangilia. Tunaomba afanye tu.

Fomu yake tumeijaza, Mkuu wa Chuo ametia sahihi, na picha imebandikwa. Tulimdanganya kuwa ni ya kitambulisho cha kazi. Shangazi, utusamehe, na usitoke, mlangoni tumemweka mtu. Mgeni rasmi, imebaki sahihi ya Shangazi na yako. Usajili unafungwa leo saa kumi, na sasa ni saa nane na nusu. Fomu iko chini ya risala hii, na kalamu hii hapa, tumeijaribu, inaandika.

Mungu akujalie afya, safari njema, na wepesi wa mkono.

Ni sisi, wanafunzi ishirini na wawili wa Karakana ya Elektroniki. Au ishirini na watatu, hapo tunakusikiliza wewe.