Sauti ya Mwalimu Mstari

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mwalimu aliyefundisha watoto kuandika noti za masomo. Ndiyo, noti tu. Ametutoka akiwa na miaka arobaini na mmoja, kwa ugonjwa wa moyo. Wanafunzi walimwita Mwalimu Mstari.

Alifundisha darasa la saba kwa mtandao, kutoka chumbani kwake, kompyuta ikiwa juu ya meza ya kupigia pasi. "Chora mstari katikati ya ukurasa," alisema. "Kushoto neno kuu. Kulia maelezo, kwa maneno yako. Usinakili kila ninachosema, mimi si ubao!" Kisha alikuwa akinyamaza dakika nzima, watoto waandike.

Alifariki Jumamosi. Jumatatu, saa nne asubuhi, nyumba ikiwa imejaa waombolezaji, sauti yake ikasikika kutoka chumbani.

"Hamjambo, wanangu? Kalamu ziko wapi?"

Shangazi mmoja aliangusha sinia. Kumbe marehemu, alipoanza kuugua, alirekodi masomo ya muhula mzima. Yalikuwa yakianza yenyewe kila Jumatatu, na kompyuta haikuwa imezimwa.

"Nilijua ni rekodi," mumewe aliniambia. "Ila nilisimama mlangoni kumsikiliza. Aliponyamaza, sebule nzima ikanyamaza. Tukawa tunamsubiri."

Jumatatu ya pili, vilevile; hakuna aliyethubutu kuizima kompyuta. Ya tatu, mume akavaa viatu aende shuleni, masomo yafutwe. "Siwezi kufiwa kila wiki," alimwambia dada yake.

Alipopita mlango wa chumbani, akamwona binti yao. Naye yuko darasa la saba, wasikilizaji. Lakini hakuwahi kuingia somo la mama yake hata siku moja. Aliona aibu, wenzake wasije wakamcheka. Sasa amekaa mbele ya kompyuta, daftari magotini.

"Mwanangu, zima hiyo."

"Baba, ngoja kidogo. Mama ameuliza swali."

Baba akaketi kitandani. Hakwenda shuleni siku hiyo, wala nyingine.

Somo la mwisho ni Jumatatu ijayo. "Ikifika saa nne ya Jumatatu itakayofuata," baba aliniuliza, "tutakaa wapi?"

Kwa mume, kwa binti, kwa wifi wa marehemu na wanafunzi wote, poleni sana. Nawe unayenisikiliza, pengine kuna mtu anazungumza chumba cha pili hapo kwako. Punguza redio. Nenda ukamsikilize.