Mama Mkwe Anamuaga Bi Miwani

Mheshimiwa Hakimu Mfawidhi wa mahakama hii, waheshimiwa mahakimu wote, mawakili wasomi, na wale ambao bado mnasoma, ndugu makarani, askari wetu wa mlangoni mlionipekua mkoba mkaninyang'anya kisu cha mkate, ndugu wageni waalikwa, pamoja na nyinyi ambao hamkualikwa ila mmefuata harufu ya chakula, na juu ya wote, mwenye shughuli yake, Afisa wetu wa Ustawi wa Jamii anayestaafu leo, Bi Miwani: nawasalimu kwa heshima na taadhima. Kama kuna mwenye cheo nimemruka, ajihesabu ametajwa, na kama ni lazima anune, namwomba anune kimyakimya.

Mshereheshaji ameniambia nizungumze kwa ufupi. Kijana yule hanijui.

Waliotangulia wamesema kwa niaba ya idara, kamati na ofisi kuu. Mimi nasema kwa niaba ya sisi tulioingia humu ndani tukiwa na kamasi. Kazi yangu ni kuoka mikate. Nililetwa mahakamani hapa na kesi ya mwanangu na mkewe. Kwa hiyo nilikuwa mama mkwe, tena mama mkwe wa upande wa mume, na siku ya kwanza nikaenda kuketi upande wa mke. Naona mnatazamana. Tazamaneni tu, hata siku ile walitazamana hivyo hivyo, mpaka karani mmoja akaninong'oneza, "Bibi, umekosea benchi." Nikamjibu, "Mwanangu, mimi kwa umri huu hukosea miwani, sikosei benchi."

Mwanangu huyo tangu utotoni anaitwa Asali, kwa ajili ya ulimi wake. Ni wakala wa bima. Asali anaweza kumuuzia samaki bima ya kuzama, na samaki akaondoka akishukuru. Mkewe, mkamwana wangu, ni dereva wa foklifti kwenye ghala la saruji. Mwanamke anayeinua shehena nzima kazini huku akipiga mluzi, lakini nyumbani kwake alikuwa akiinua kikombe cha chai kwa tahadhari, kisije kikagonga kisahani. Mtoto wao, mjukuu wangu wa pekee, tunamwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haujui kufunga duka.

Basi asubuhi moja mkamwana wangu aliingia dukani kwangu na Chiriku mgongoni. Jicho moja limefumba, shavu limeumuka kama unga niliousahau juani. Na Chiriku kimya. Hicho kimya ndicho kilichonitisha kwanza.

Nikamuuliza, "Mwanangu, umepatwa na nini?"

Akasema, "Mama, nimejigonga mlangoni."

Nikamsogeza penye mwanga. Shavuni palikuwa na alama ndogo ya mraba, na pete ile ya mraba niliinunua mimi mwenyewe, zawadi ya harusi. Nikamwambia, "Mlango gani huu unaovaa pete?"

Akanitazama. Kisha, ndugu zangu, mkamwana wangu akacheka. Akacheka mpaka akakaa chini kwenye magunia ya unga, na kicheko kikageuka kilio, nami nikakaa pembeni yake, tukatoka pale weupe wote wawili kama watu waliofufuka. Tukaenda hospitali, tukaenda polisi, tukaja hapa. Na katika korido ile pale, yenye benchi linalobana suruali za watu, tukakutana na mama mmoja mnene, miwani miwili kichwani na ya tatu mkononi, akiuliza kila mtu, "Jamani, nani kaona miwani yangu?"

Nilimwambia mkamwana wangu, "Twende nyumbani, huyu hawezi kutusaidia."

Kumbe ndiye Bi Miwani, na hakutuuliza, "Ulimfanya nini mumeo?" Mnajua swali hilo lilivyokuwa likitungoja kila mlango? Majirani waliliuliza, hata wifi zake, mabinti zangu mimi, waliliuliza. Bi Miwani aliuliza, "Leo mtalala wapi, na mtoto amekula?" Kisha akamshika mkono mkamwana wangu mpaka mbele ya hakimu, na hakimu akatoa amri ya ulinzi: Asali asikanyage nyumbani pale, asimfuate mkewe kazini, asimpigie simu, wala asimtume mtu.

Lakini amri haikutaja keki.

Siku chache baadaye mpambaji wangu wa keki alinijia na uso wa mtu aliyekwama, akasema, "Mama, hivi neno 'utajuta' linapendeza kwa rangi gani?" Mteja alikuwa amepiga simu kwa sauti ya kujikaba, akaagiza keki ipelekwe kule ghalani, kwa dereva wa foklifti, iandikwe: *Rudi nyumbani au utajuta*. Na chini, maua. Ndugu mawakili, nauliza kwa unyenyekevu: katika miji yote yenye waoka keki, ni mhalifu gani anayeagiza vitisho vyake dukani kwa mama yake?

Nikamwambia mpambaji, "Andika kwa nyekundu." Maandishi yalipokauka niliichukua keki, sikuipeleka ghalani, niliileta kwa Bi Miwani. Ikaingizwa mahakamani kama kielelezo. Wakili wa Asali akasimama, akakohoa, akasema kwamba mteja wake ni mtu wa mapenzi, na kwamba yale maneno yalikuwa ombi la upatanisho lililozidiwa na hisia. Kesi ikaahirishwa, kielelezo kikahifadhiwa. Tuliporudi, kielelezo kilikuwa kimepungua. Simtuhumu mtu. Makarani mnaotazama viatu vyenu, sijawatuhumu. Ila aliyekula alianza upande wa kushoto, akala "Rudi nyumbani" yote, na kilichobaki kwenye sahani mbele ya hakimu kilikuwa *au utajuta*, na maua.

Hakimu alikisoma. Kisha akasema, "Wakili, niambie tena habari za mapenzi." Asali akaenda kutafakari rumande, na amri ikakazwa.

Alipotoka, akafungua kesi ya talaka na kumtaka Chiriku. Hoja yake ilikuwa nzuri kuisikia, maana yeye zote zake ni nzuri kuzisikia. Alisema mama wa mtoto anafanya kazi ya mitambo na hana muda. Alisema ugomvi wa wakubwa ni wa wakubwa, na ubaba ni kitu kingine. Na alisema, nami namnukuu kwa sababu sentensi hiyo watu wazima wenye akili waliiitikia kwa kichwa, "Mheshimiwa, mimi mtoto sijawahi kumgusa hata kwa ukucha."

Bi Miwani akatumwa akakague nyumba ambamo mtoto angelelewa.

Asali alikuwa amepanga nyumba yenye meza ya mwenye nyumba, godoro, na runinga kubwa kuliko dirisha. Sasa mkaguzi anakuja. Akaazima zulia, akaazima vikombe, akaazima kochi zuri la bluu kwa jirani yake fundi wa makochi, na alipoona bado panapungua kitu, akaniazima mimi. "Mama, njoo ukae tu. Nyumba ikiwa na bibi inaonekana ina maadili." Nilikwenda, maana Chiriku angeletwa. Nikaketi kwenye kochi nisilolijua, nikiwa samani miongoni mwa samani.

Bi Miwani akafika na mtoto, akaketi, akaandaa kalamu. Asali akaanza kumimina asali. Mara hodi! Ni fundi wa makochi na mwenzake. "Samahanini jamani. Mwenye kochi lake amekuja kulichukua, yuko pale kwangu anapiga kelele. Shikamoo bibi. Tunaomba muinuke."

Tukainuka. Bi Miwani akaendelea kuuliza maswali akiwa amesimama, kana kwamba kochi huondoka kila siku chini ya maofisa. Wale jamaa wakalibeba, wakaligonga kwenye fremu ya mlango, puu! Na Asali akasahau kwamba ana mgeni, akanguruma, "We! Huoni?"

Chiriku hakuwepo tena.

Hakulia wala hakukimbia. Alikuwa amekwenda tu, kama mtu aendaye kazini kwake, akaingia chini ya meza mpaka ukutani, akakunja miguu, akavuta pindo la gauni langu. "Bibi, njoo. Huku hafiki."

Nikaingia. Magoti yangu yalilalamika, nikayaambia yanyamaze. Na nikiwa pale nikaona viatu vya Bi Miwani vinasogea, kisha magoti yake, kisha, waheshimiwa, ofisa mzima wa serikali, na mwili wote huo mnaouona, akainama akauliza kwa adabu, "Na mimi naruhusiwa?"

Chiriku akamkagua. "Ukinyamaza."

Akaingia. Naye akiingia mahali, mahali hapo hujua. Tukawa watatu chini ya meza ya watu wanne, nusu yangu iko nje. Bi Miwani akamnong'oneza, "Kule kwenu ulikuwa unakaa hivi na nani?"

"Na mama. Akishamaliza kupigwa, anakuja."

Juu ya meza sauti ya mwanangu ikasema, "Mtoto sijawahi kumgusa! Muulizeni mwenyewe!"

Bi Miwani akajibu kutoka kule chini, bila hasira, "Ni kweli, baba. Lakini mbona anajua mkono wako unaishia wapi?"

Ndugu zangu! Mimi nilimzaa yule mtu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, walisema wahenga, na hawakusema kwamba kuna uchungu mwingine unakuja baadaye, ukiwa umejikunja chini ya meza umeshika kichwa cha mjukuu.

Tungebaki katika huzuni hiyo, ila Bi Miwani alipotaka kutoka hakutoka. Alikuwa amekwama. Ikabidi mdai mwenyewe, pamoja na fundi wa makochi, wanyanyue meza kumwokoa mkaguzi, na Chiriku, ambaye hatukuwa tumesikia sauti yake ya kawaida tangu asubuhi ile ya dukani, akaanza kuwaelekeza kwa kelele: "Kulia! Kulia! Msimkwaruze!" Chiriku amerudi, nikasema moyoni.

Mahakamani nilitoa ushahidi. Wakili wa Asali akaniuliza kwa sauti ya mazishi, "Bibi, wewe si mama mzazi wa huyu? Unamchukia mwanao?"

Nikamwambia, "Wakili, ningemchukia ningekaa kimya, akaendelea hivyo hivyo mpaka akaua."

Asali hakunitazama. Mimi nilimtazama wakati wote.

Uamuzi mnaujua waliokuwepo. Talaka ilitolewa. Chiriku akabaki kwa mama yake. Hakimu alisema mtoto anayeishi nyumba yenye kipigo amepigwa, hata kama ngozi yake ni nzima. Amri ya ulinzi ikaendelea, na baba akaruhusiwa kumwona mtoto ofisini kwa Bi Miwani tu, mbele ya macho yake, huku akihudhuria ushauri nasaha. Ofisi ile ina viti vya chekechea. Mwanangu mwenye tai aliketi magoti yakiwa masikioni, akapikiwa chai ya uongo kwenye kikombe cha plastiki, na Bi Miwani akimwambia, "Kunywa, baba, mwenyeji anangoja." Mwanzoni alikunywa kwa kununa. Sasa hivi huuliza kama kuna sukari. Siwaambii amekuwa malaika. Nawaambia anafika, kwa wakati, na ameacha kuhutubia.

Najua kuna wanaotaka kuniuliza, maana watu wetu hupenda hadithi ifungwe kwa ndoa: je, walirudiana? Hapana. Na wala msigunegune. Mkamwana wangu yule pale mstari wa tatu, mwenye kilemba cha kijani, bado ni mkamwana wangu. Talaka yao ilimhusu yeye na Asali, mimi sikutia saini.

Bi Miwani, nikushukuru kwa lipi? Nikutajie kitu kimoja tu, kisha nishuke. Wiki iliyopita Chiriku alikuwa kwangu, nyuma ya duka, na mpira. Nikasikia kioo kinavunjika. Nikaganda na unga mikononi, nikijua mtoto yule akiharibu kitu hujificha wapi, na kwa muda gani. Nikaanza kutazama chini ya meza zote. Mara mlango ukafunguliwa kwa kishindo, akaingia amejaa vumbi, akasimama katikati ya duka mbele ya wateja, mikono kiunoni, akatangaza: "Bibi! Nimevunja dirisha! Ni mimi!"

Nilimkumbatia kwanza. Kumgombeza kulifuata baadaye, tena kwa sauti ya chini, naye akanijibu, na tukabishana vizuri sana.

Nenda kapumzike, mwanangu. Asante kwa kuinama. Nanyi nyote, asanteni kwa kunisikiliza bikizee nisiyejua maana ya ufupi. Mwenye nguvu anipe mkono, ngazi za jukwaa lenu zinateleza.