Maji ya Moto Machimboni

Ndugu zangu wa kanisa, mniwie radhi nasema huku natembeatembea. Mambo haya nikiyasimulia nimeketi, moyo unanienda mbio.

Mnajua nilitoka hapa Didia kwenda kuchimba dhahabu upande wa Geita. Dresa anayetufunga vidonda alinionya: maji ya mashimoni uyachemshe kwanza. Nikaenda na chungu changu.

Siku ya kwanza nilipowasha moto, wenzangu walicheka hadi wakashika mbavu. Mmoja wao, aliyekuwa akinishikia kamba niliposhuka shimoni, akasema, "Mwanamume anapika maji! Utayala kwa mboga gani?"

Kicheko nilikivumilia. Lakini kambini palikuwa na desturi. Wakati wa kupumzika, kata moja ya maji yasiyochemshwa ilizunguka, na asiyekunywa alihesabiwa kuwa hawaamini wenzake. Yule wa kamba akaniuliza, "Maji yangu huyaamini, kamba yangu utaiaminije?"

Nawaambieni, mtu anayening'inia juu ya shimo hana ubishi. Nikanywa. Tena, ngojeni, nisiruke aibu yangu: nilikivunja chungu mbele yao ili wanione mwenzao. Upumbavu ulioje!

Haukupita mwezi, nikaanza kuhara damu. Nilikonda, miguu ikakataa kunibeba, nikawa natafuta mtu wa kumpelekea mama salamu zangu za mwisho. Niliogopa kufa, sioni haya kusema.

Ndipo yule mshika kamba akaingia kibandani, akanitazama, akatoka. Akarudi na chungu cha kuazima, akachemsha maji, akaninywesha kidogo kidogo. Kata ilipomfikia siku hiyo, akaikataa. Akanywa maji yangu, ya vuguvugu, wote wakimwona. "Anayetaka kucheka," akasema, "aje acheke hapa karibu."

Hakuna aliyekuja. Kesho yake wa pili akajiunga naye, kisha wa tatu, na tumbo langu lilipotulia nikakuta kambi nzima inagombania kuni.

Namshukuru Mungu, na huyo mtu namwambia wabeja, asante, ingawa yuko mbali. Onyo la dresa nilikuwa nalo tangu mwanzo, ndugu zangu. Nilichokosa ni mtu wa kunywa naye.

Kesho vijana wawili wa kanisa hili wanakwenda huko, na mmoja ni mdogo wangu wa tumbo moja. Simameni niwaone. Chemsheni pamoja, mnywe pamoja. Na mmoja akichekwa, nawasihi, mwingine asicheke.