Kifungo Chekundu na Mlango wa Stoo

Siku ile kijiweni walikuwapo hawa: Fundi, mshona sare za shule, pamoja na cherehani yake ambayo nayo huhesabiwa kama mtu kwa sababu haikosi la kusema, Katibu, mzee aliyestaafu ukarani wa posta na ambaye mpaka leo hupiga pasi shati la kuja kukaa bure, Kinyozi, ambaye kiti chake cha kunyolea kiko hatua tatu tu kutoka kwenye benchi, kwa hiyo hukosa wateja lakini hakosi mazungumzo, na Mama Kibibi, mwenye birika la kahawa, mtoto mchanga mgongoni, na macho yasiyobanduka kwenye geti la shule ng'ambo ya barabara. Nyuma ya geti hilo, darasa la tatu, alikuwamo Kibibi mwenyewe. Na tangu saa mbili asubuhi walikuwamo wakaguzi pia. Mwaka jana shule ilipata alama ya chini kuliko zote, ikaambiwa ikifeli tena itafungwa na watoto watatawanywa kwenye shule za mbali. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kujua.

— Masaa matatu! — alisema Kinyozi, akikung'uta kitambaa cha kunyolea ambacho hakikuwa na unywele hata mmoja. — Mwaka jana walikaa kidogo tu wakaondoka wamenuna. Leo wanafanya nini humo ndani?

— Wanakagua vifungo, — alisema Fundi bila kuinua kichwa.

— Wewe na vifungo vyako!

— Cheka tu. Ni nini kiliifelisha shule mwaka jana kama si kifungo changu?

Hapo hakuna aliyeweza kumbishia. Mwaka jana, siku ya ukaguzi, walimu walimchukua mvulana mmoja hodari wakampa kazi ya kuzunguka. Wakaguzi wakiwa darasa la pili, yeye yuko la pili, ananyoosha mkono na kujibu. Wakitoka, anaruka dirishani, anawatangulia la tatu, ananyoosha mkono na kujibu. Walipofika la nne, mkaguzi mmoja akamtazama kwa muda mrefu, kisha akamuuliza: "Mwanangu, mbona kila niendako nakikuta hicho kifungo?" Vifungo vyote vya shati lake vilikuwa vyeupe isipokuwa cha kolani, chekundu kama pilipili. Fundi alikuwa ameishiwa vyeupe.

— Ningekuwa na cheupe kimoja tu siku ile, — alisema Fundi kwa majonzi, — leo cheti kingekuwa ukutani.

— Cheti cha uongo, — alisema Katibu.

— Mzee, ukutani vyote vinafanana.

Mama Kibibi alicheka nao, lakini kicheko hakikufika mbali. Kifungo kilikuwa nusu ya habari. Nusu nyingine haikuwa na utani. Siku ile ile, watoto kumi na mmoja wasiojua kusoma walitolewa darasani wakakalishwa nyuma ya stoo, wakaambiwa wanyamaze mpaka wageni waondoke. Kibibi alikuwa mmoja wao. Mkaguzi aliyekuwa akitafuta choo ndiye aliyewakuta. Kibibi, kwa adabu zake, alisimama, akaamkia, kisha akamnong'oneza: "Wakaguzi wameshaondoka?"

Aliporudi nyumbani alivua sare, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye sanduku la nguo ambazo hazimtoshi tena. Mama yake alipomuuliza kwa nini, alijibu kwamba shule inawatosha wengine.

Kesho yake Mama Kibibi alivuka barabara akiwa amejiandaa kupiga kelele. Hakupata nafasi. Mwalimu Mkuu alikuwa amewasimamisha wale kumi na mmoja mbele ya ofisi, yeye amesimama mbele yao, na alikuwa anasema: "Niliwaficha kwa sababu niliona aibu. Aibu yenyewe ni yangu, si yenu. Nisameheni, wanangu." Mwanamke mzima, miwani mkononi, anawaomba radhi watoto wa miaka minane. Mama Kibibi alirudi na kelele zake zote mdomoni, akazimeza njiani.

— Mimi nawaambia, — alisema Kinyozi, akisogea kwenye benchi, — waliofelishwa ni walimu wenyewe. Wamerudishwa darasa.

— Nani kasema? — aliuliza Katibu.

— Macho yangu haya! Kila Jumatano, mwalimu wa hesabu anabeba kiti, anaingia la pili, namwona dirishani anakaa nyuma kabisa na daftari lake. Na kitambi kile! Kama si kurudishwa darasa, ni nini?

— Kwa hiyo mwalimu wa hesabu yuko la pili? — aliuliza Fundi, cherehani ikapunguza mwendo.

— La pili. Na akileta mchezo, anarudia.

— Mbona Mwalimu Mkuu nilimwona la kwanza?

— Huyo ndiye mkubwa wao. Lazima aanzie chini.

Katibu aliweka kikombe chini taratibu, kama mtu anayeweka muhuri.

— Vijana, hamjui mambo. Mimi nimekaa posta miaka thelathini na moja. Wakubwa wakilitaka jengo, kwanza huleta watu wa kuhesabu. Halafu viti huanza kuhama kimoja kimoja, leo kutoka la tatu kwenda la pili, kesho kutoka la pili kwenda la kwanza, ili watu wazoee. Siku moja mnaamka, shule si shule tena. Ni ghala.

— Ghala la nini, mzee?

— La stempu.

— Stempu? Nani anatumia stempu siku hizi?

— Ndiyo maana zinahitaji ghala!

Fundi alicheka mpaka uzi ukatoka kwenye sindano. Mama Kibibi aliongeza kahawa.

— Hawajarudishwa darasa, — alisema. — Wanatazamana wakifundisha. Mmoja anafundisha, mwenzake anakaa nyuma anaandika, halafu wanaambiana. Nikipeleka kahawa ofisini kwao huwa nawasikia. Mwalimu wa hesabu alimwambia mwenzake, "Unauliza swali, halafu unalijibu mwenyewe kabla mtoto hajafumbua mdomo." Basi wakakubaliana wote: ukiuliza, subiri.

— Yaani miezi tisa wamejifunza kusubiri? — alisema Kinyozi. — Shemeji, hiyo hata mimi naijua, nangoja wateja tangu alfajiri. Mimina kahawa.

Akamimina. Hakumlaumu, kwa sababu alimjua. Kinyozi huyu huyu, mtoto wa shule akija kunyolewa, humpa gazeti na kumwambia asome kwa sauti, "ili utulize kichwa", na huzima redio. Hakuna kichwa kinachohitaji redio izimwe. Gazeti lenyewe ni la Katibu, ambaye husema amelisahau. Kila siku amelisahau mahali pale pale, limekunjwa kwa upande wa habari zenye maandishi makubwa. Na Fundi alikata herufi zote kutoka kwenye vipande vya kitambaa cha sare, akazituma darasa la kwanza, akasema ni takataka alizokosa pa kutupa. Mama Kibibi aliyaona yote haya, akayanyamazia. Watu kama hawa ukiwasifu mbele ya wenzao, wanaacha.

— Basi mimi najua kilichotokea, — alisema Kinyozi, ambaye hakuweza kukubali kushindwa na ghala la stempu. — Wakaguzi wamepewa mtihani. Na wamefeli! Sasa hivi wamefichwa nyuma ya...

Hakumalizia. Cherehani ilinyamaza. Kinyozi alitazama viatu vyake.

— Shemeji, nisamehe. Mdomo umeteleza.

— Umeteleza, umesimama, — alisema Mama Kibibi. — Kunywa kahawa yako.

Lakini macho yake yalirudi getini. Asubuhi ile Kibibi alikuwa amevaa sare, akafika mlangoni, akageuka: "Mama, leo nikae wapi?" Akamjibu: "Kwenye dawati lako." Kibibi akauliza tena: "Hata wakija?" Naye akasema: "Hata wakija." Alisema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Tangu hapo alikuwa anautafuta huo uhakika bila kuupata.

Ndipo akaja mwanamke mmoja, amevuka barabara kwa miguu, viatu bapa vyenye vumbi, faili kwapani. Aliamkia wazee, akaomba kahawa, akakaa kwenye ncha ya benchi. Kijiweni mgeni ni riziki: kila mmoja akampa maoni yake upya, kwa urefu zaidi. Walimu waliorudishwa darasa. Stempu. Vifungo. Mgeni alisikiliza yote, akapuliza kahawa yake, akauliza kwa upole:

— Nani kati yenu amewahi kuingia mle madarasani?

Mtoto mchanga akapiga chafya mgongoni kwa mama yake.

— Mimi geti nalijua vizuri sana, — alisema Katibu.

— Mimi sare zangu zinaingia kila siku, — alisema Fundi.

— Sikuuliza sare, baba.

Miaka yote ile, hatua arobaini kutoka benchi mpaka geti, na hakuna hata mmoja aliyezivuka akakaa darasani. Fundi alikuwa ameziacha herufi zake kwa mlinzi.

Mama Kibibi ndiye aliyeona kamba ya kitambulisho shingoni kwa mgeni, kitambulisho chenyewe kimefichwa ndani ya koti.

— Dada, — alisema, — nyuma ya stoo umepita?

Mgeni alimtazama. Wenzake nao wakamtazama mgeni, na Katibu akaanza kufunga vifungo vya shati lake lililopigwa pasi.

— Ndipo nilipoanzia, — alisema yule mkaguzi. — Nimekuta majembe mawili na kuku mmoja. Kuku naye alinishangaa.

Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wanasubiri.

— Basi nikaenda la tatu. Nikamwambia mwalimu, niite mtoto anayepata shida zaidi katika kusoma. Mwaka jana wangeniletea yule wa kifungo. Huyu mwalimu hakusita. Aliita binti mdogo. Binti akasimama, kidole chini ya mstari, akaanza kusoma. Polepole. Katikati akakwama. Nikajisemea, sasa watamcheka, au mwalimu atamdokezea. Hawakumcheka. Mwalimu hakumdokezea. Darasa zima, watoto arobaini na sita, limetulia linamsubiri. Nina miaka mingi katika kazi hii. Sijawahi kusubiri hivyo na watoto.

— Halafu? — aliuliza Kinyozi. Sauti yake ilikuwa ndogo.

— Halafu akapita. Akasoma ukurasa mpaka chini. Alipomaliza akaniamkia, akaniambia, "Mwaka jana nilikuuliza kama wakaguzi wameshaondoka. Leo unaweza kukaa mpaka mwisho."

Kahawa ilijaa kikombe, ikajaa kisahani, ikaanza kushuka kwenye benchi. Fundi alilinyanyua birika taratibu kutoka mikononi mwa Mama Kibibi.

— Ni wako? — aliuliza mkaguzi.

Mama Kibibi akaitikia kwa kichwa.

— Nilihisi. Mna macho yale yale ya kuuliza.

— Na shule, mama? — Katibu alisimama, akaongea kama yuko dirishani posta. — Shule imepata nini?

— Hilo si langu kusema hapa. Mwalimu Mkuu ameomba watoto wasikie kabla ya mtu mwingine yeyote. Nadhani sasa hivi...

Kelele zilizotoka ng'ambo ya barabara zilimmalizia usemi wake. Mwanzo zilikuwa za darasa moja, kisha la pili, kisha kengele ikapigwa bila mpangilio wowote, kama imeshikwa na mtu asiyejua kupiga kengele au mwenye furaha iliyozidi. Geti likafunguka. Mwalimu wa hesabu alitoka mbio na kitambi chake, kiti juu ya kichwa, anapiga kelele: "Nzuri! Tumepata Nzuri! Kutoka chini kabisa mpaka Nzuri!"

— Naye amepanda darasa! — alipiga kelele Fundi, akaigongagonga cherehani kama ngoma.

Katibu alimkumbatia Kinyozi, jambo ambalo halikuwahi kuonekana. Kinyozi alijipangusa uso kwa kitambaa cha kunyolea.

— Unywele umeniingia jichoni, — alisema.

— Unywele wa nani? — alisema Fundi. — Hujanyoa mtu tangu asubuhi!

Mama Kibibi alikuwa ameshika vikombe vyote viwili viwili, anawagawia walimu, mlinzi, wapita njia, na mkaguzi kwa mara ya pili, mpaka birika likatoa tone la mwisho na machicha. Alipoinua macho, Kibibi alikuwa mbele yake, sare imechomekwa, soksi moja imeshuka.

— Mama, nilikwama mahali.

— Nimesikia, mama yangu.

— Walinisubiri.

— Nimesikia.

Kibibi akachungulia ndani ya birika, akaona limekauka, akamtazama Kinyozi kwa mashaka.

— Huyu mbona analia?

— Unywele umemwingia jichoni, — alisema Fundi.

Jumatatu iliyofuata mlango wa stoo uling'olewa, mbao zake zikatengenezwa benchi, likawekwa nyuma ya darasa la tatu. Wa kwanza kulikalia alikuwa Kinyozi.